Siku Nilipotia Samli kwenye Pampu ya Upepo

Assalaam alaykum, ndugu zangu. Na wenzangu wa kanisani, Bwana asifiwe. Mmeniitikia vizuri, sasa mnisikilize vizuri pia, maana nitakayosema leo si ya kujisifu.

Mwenyekiti ameniambia nisizidishe nusu saa. Muorma kumaliza habari ya ng'ombe kwa nusu saa ni kazi ngumu, lakini nitajitahidi. Nimeletwa hapa Garsen kwa ajili ya wenzetu wale waliokaa mbele, ambao kijiji chao kinakaribia kuwekewa pampu ya upepo. Watu wa mradi wamekwisha kuwaeleza jinsi mapanga yanavyozunguka na maji yanavyopanda. Mimi nimekuja kuwaeleza jinsi yanavyosimama.

Sitataja jina la mtu. Aliyemo humu atajijua. Langu mimi mnalijua, na kama yuko mgeni halijui, amuulize mtoto yeyote wa soko la mbuzi, ataambiwa, "Aa, yule Mzee Samli." Subirini kwanza, msicheke, sijafika huko.

Kijiji chetu kiko mbali na mto. Ukitoka na ng'ombe alfajiri, unafika mtoni jua likiwa kichwani, na ng'ombe mwenyewe awe na nguvu. Zamani tulikuwa na kisima kirefu. Nilipokuwa kijana tulisimama ndani yake wanaume wanne, mmoja juu ya mwenzake, tukipokezana ndoo za ngozi mpaka juu kwenye birika la kunyweshea. Na tukivuta tunaimba. Ng'ombe wa kwetu huujua wimbo wa kisima chake, akiusikia anakuja mwenyewe bila kuchapwa.

Basi ilipokuja pampu ya upepo, tulishukuru sana. Migongo yetu ilipumzika. Upepo unavuta, chuma kinapanda na kushuka, maji yanaingia kwenye tangi, na kutoka kwenye tangi yanateremka kwenye birika. Watu wa mradi walipoondoka waliacha ufunguo wa uzio na debe la oili. Mkutano ukanichagua mimi kuvitunza, nadhani kwa sababu mimi ndiye niliyepiga kelele zaidi ya wote.

Yule aliyetufundisha alinishika mkono akaniambia, "Mzee, pale juu nyuma ya mapanga kuna sanduku la gia. Kila mwaka mwaga oili ya zamani, utie hii mpya. Hii, si nyingine." Akalisema mara tatu. Nikamwambia nimesikia, mimi si mtoto.

Ndugu zangu, nawaambia, debe likikaa nyumbani kwako si lako tena. Kwetu mtu akikuomba kitu unacho, ukasema huna, ni aibu kubwa. Akaja mwenye pikipiki: "Baba, nipe kidogo tu nifike Garsen." Nikampa. Akaja mwenye cherehani, nikampa. Akaja mmoja anasema ngamia wake ana upele, nikampa na huyo, tena nyingi, maana ngamia ni mkubwa. Kila aliyeondoka alinibariki. Mwaka ulipoisha, nililiinua debe likawa jepesi mkononi. Nililitikisa, halikusema kitu.

Nikajiambia, haidhuru, si inazunguka? Kiangazi kilikuwa kimeanza. Mvua ya vuli haikuja, tuliona mawingu tu yakipita kwenda kwa wengine. Na pale juu pampu ikaanza kulia. Ililia kilio chembamba, cha kukwaruza meno, mchana kutwa. Sisi binadamu tulivumilia. Ng'ombe walikataa. Walikuwa wakifika karibu na birika, wakisikia ule mlio wanainua mikia na kukimbia, na maji yamejaa mbele yao. Nilisimama pale nikaimba wimbo wetu wa kisima kwa sauti yangu yote ili niufunike ule mlio. Mke wangu alipita na kuni zake akaniuliza, "Sasa ng'ombe wanakimbia pampu au wanakukimbia wewe?"

Ningetuma mtu Malindi akanunue oili, ingefika kwa basi kesho yake. Lakini ningetuma, watu wangeuliza debe limekwenda wapi. Mimi na kelele zangu zote za mkutanoni ningejibu nini?

Nikafikiri kama tunavyofikiri kwetu. Ngozi ikikauka, tunapaka samli. Goti la mzee likilia, samli. Mwanamke akijifungua, samli. Kila kitu kigumu katika maisha ya mfugaji hulainika kwa samli. Basi chuma kikilia, kuna ubaya gani?

Mke wangu alikuwa amejaza chombo kizima cha samli, ameificha nyuma ya kitanda kwa ajili ya binti yetu aliyekuwa karibu kujifungua. Alikuwa ameikusanya kidogo kidogo tangu mvua ya mwisho. Siku hiyo alikwenda soko la Garsen. Nikachukua chombo, nikafungua uzio, nikavuta breki, nikapanda mpaka juu, nikaimimina yote. Nikashuka, nikaachia breki.

Kimya. Pampu ilizunguka kimya kabisa. Ng'ombe wakaja wakanywa mpaka matumbo yakawatoka pembeni. Wazee wakanipa mkono, wakaniita fundi, na mimi nikalipokea jina hilo nikalivaa. Siku zile nilitembea kijijini polepole ili watu wapate muda wa kunisalimu. Mke wangu alipouliza samli iko wapi, nilimwambia mbuzi alikipiga chombo teke ikamwagika. Aliniangalia, akaangalia sakafu.

Furaha hiyo haikufika wiki tatu. Kwanza walikuja sisimizi, wakapanda mlingoti kwa mstari mrefu kama watu wanaokwenda harusini. Halafu pepo za kiangazi zikaleta vumbi, vumbi likaingia katika samli, samli ikachacha ikawa tope gumu. Asubuhi moja upepo ulivuma kwa nguvu, tukasikia chuma kinavunjika huko juu. Tulipotoka nje, mapanga yalikuwa yamesimama na upepo unayapita tu.

Watu wote wakaja uzioni. Mzee mmoja akaniuliza, "Ufunguo unao wewe. Nani amepanda huko juu?"

Hapo ndipo nilipoanguka, ndugu zangu. Pampu ilikuwa imevunjika, ndiyo, lakini pampu ni chuma. Mimi nilianguka hapo, kwa maneno machache tu. Nilisema, "Juzi niliona nyayo hapa. Nyayo za viatu vya mpira, si za makubadhi yetu."

Sikutaja mtu. Niliendelea kujiambia hivyo kila siku, kwamba sikutaja mtu. Lakini ni nani anayevaa gambuti katika pande zetu? Ni wenzetu wa mashamba kule mtoni. Na kati yao, ni nani anayejua mambo ya mashine? Ni mmoja tu, fundi wa kijiji cha Ngao, yule anayetengeneza pampu za kumwagilia na mashine za kusaga unga. Siku tatu hazikupita, kijiji kizima kilikuwa na jina mdomoni, na si mimi niliyelisema. Waliokuwa wakimpelekea pikipiki zao wakaacha kumpelekea. Akisalimu sokoni, haitikiwi.

Sasa mjue desturi yetu. Kila kiangazi, kabla ng'ombe hawajashuka mtoni, wazee wetu hupeleka vibuyu vya maziwa kwa watu wa mashamba. Nao huonyesha ni njia ipi iko wazi mwaka huo, ipi ina mahindi. Njia hiyo ya ng'ombe kwenda kwenye maji tunaiita malka. Mwaka ule watu wetu walisema, "Wametuvunjia pampu, halafu tuwapelekee maziwa?" Maziwa hayakwenda. Ng'ombe walishuka kwa kiu yao, wakapita walipopita. Shamba la mama mmoja, mahindi yameanza kubeba, lililiwa lote asubuhi moja. Vijana wa pande zote mbili wakaanza kutembea na fimbo ambazo si za kuchungia.

Na mimi nikiyaona yote hayo, nilikuwa nimenyamaza. Usiniulize nililalaje. Mdomo wangu ule wa mikutano ulikauka kabisa.

Ng'ombe wangu walikuwa ishirini na wawili. Safari ya mtoni, siku moja kwenda na siku moja kurudi, iliwamaliza. Akianguka mmoja njiani, tunamwacha. Alikuwepo ng'ombe mmoja mwekundu, ana doa jeupe usoni. Bibi yake nilipewa na mama yangu siku niliyooa, na ukoo ule haujawahi kukosa maziwa nyumbani kwangu. Wanangu wote walikunywa humo. Siku moja tulifika mtoni, akashuka kunywa, miguu ikazama kwenye tope la ukingoni mpaka tumboni. Hakuwa na nguvu ya kujitoa. Nilimvuta pembe, nilimvuta mkia, nilikuwa peke yangu na mzee mwenzangu mmoja asiyeweza hata kuinua ndoo.

Nikasikia mtu anaingia kwenye tope nyuma yangu. Nikageuka, nikaona gambuti. Alikuwa yeye, fundi wa Ngao. Hakunisalimu. Alipitisha kamba chini ya kifua cha ng'ombe, akaniambia, "Wewe vuta huku, mimi nitasukuma." Tukavuta na kusukuma mpaka jua likageuka. Fundi alijaa tope mpaka kwenye ndevu. Ng'ombe akatoka, akalala ukingoni akihema.

Nilitaka kumshukuru, neno likakataa kutoka. Badala yake likatoka lile lingine. Nikamwambia, "Ndugu yangu, zile nyayo sikuziona."

Akawa anaosha gambuti zake. Akasema, "Najua."

"Unajua nini?"

"Nilipita chini ya pampu yenu na baiskeli, wiki ile iliposimama. Mlingoti ulikuwa umejaa sisimizi, na ulikuwa unanuka samli. Mzee, mimi sina ng'ombe. Samli nitaitoa wapi?"

Nikamuuliza kwa nini hakusema. Akasema, "Nikisema mimi, nani wa kwenu ataniamini? Nilikuwa nangoja useme wewe." Akachukua kamba yake akaenda zake.

Kijiji chetu chote kinanuka samli, ndugu zangu, ndiyo maana hakuna aliyeshtuka. Ilibidi aje mtu wa mahindi atunusie.

Ng'ombe mwekundu alikufa siku ya pili, tulipomfikisha nyumbani kwa shida. Nilimchuna mwenyewe, nikaiwamba ngozi yake kwenye vigingi, na nililia nikiwa nachuna. Nasema mbele yenu, nililia kama mtu aliyefiwa. Mke wangu akaja akasimama karibu yangu. Akasema, "Kesho chifu ameita baraza kwa ajili ya yale mahindi. Watu watakwenda na hasira zao. Ama utasimama wewe useme, ama nitasimama mimi niulize samli ya mwanangu ilikwenda wapi." Kumbe alijua tangu siku ya kwanza. Ni mbuzi gani, akaniuliza, anamwaga samli bila kuacha hata tone sakafuni?

Mficha maradhi kifo humuumbua. Methali hiyo nilikuwa nikiwaambia wengine.

Asubuhi tulikamua ng'ombe wote waliobaki, tukapata kibuyu kimoja, hakikujaa. Nilikibeba mwenyewe. Barazani watu wetu walikaa upande huu, watu wa mashamba upande ule, na katikati palikuwa peupe. Chifu alipouliza nani aanze, nilivuka pale peupe, nikaweka kibuyu mbele ya yule mama aliyeliwa mahindi. Nikasema, "Pampu haikuvunjwa na mtu wa mashamba. Niliivunja mimi. Oili niliigawa, nikaona haya kusema, nikatia samli. Nyayo nilizosema sikuziona. Fundi huyu mmemnyima salamu bure, na mahindi yako, mama, yameliwa kwa ajili ya uongo wangu."

Ndugu zangu, nimewahi kusimama mbele ya simba nikiwa na mkuki. Siku ile ya baraza nilitamani yule simba. Ndugu yangu wa tumbo moja aliinuka akaondoka. Mzee mmoja wa kwetu akatema mate chini. Vijana walikuwa wameshika fimbo zao.

Yule mama ndiye aliyeanza. Alikitazama kibuyu, akanitazama mimi, akasema polepole, "Ngoja nielewe. Umetia samli kwenye mashine?"

"Ndiyo, mama."

"Ya kula?"

"Ya binti yangu, mzazi mtarajiwa."

Akasema, "Basi wewe umelaaniwa zaidi nyumbani kuliko hapa." Akaanza kucheka. Alicheka mpaka akajifuta macho kwa leso, watu wa upande wake wakaanza, halafu wa kwetu. Hakuwa amesahau mahindi yake, na sisi hatukusahau. Lakini mtu anayecheka, fimbo humlegea mkononi. Alifungua kibuyu, akanywa, akampa jirani yake. Tangu dakika ile mimi ni Mzee Samli, na sijawahi kukataa jina hilo.

Wazee waliniamuru nimpe yule mama mtamba mmoja kwa mahindi yake. Nilitoa. Nikataka kumpa mwingine fundi, akakataa. Akasema, "Mimi sina pa kumlisha. Nipe mikono yako. Nitatengeneza pampu yenu, na wewe utapanda na mimi kila ninapopanda, mpaka ujue kila msumari." Ufunguo nilikuwa nimekwisha kunyang'anywa, kwa haki.

Tulifanya kazi siku nyingi. Tulikwangua ile samli iliyoganda, tukasugua gia kwa mafuta ya taa, na iliyovunjika akaichonga nyingine kwenye karakana yake. Nilijua kila msumari, kama alivyosema. Halafu tukavuta pampu yenyewe kutoka chini kisimani, akanionyesha kitu. Huko chini kabisa kuna vikombe vidogo vya ngozi, ndivyo vinavyokaza ndani ya bomba na kuyainua maji. Vilikuwa vimelika vyote. Akasema, "Hivi vinatoka mbali, na ng'ombe wenu hawawezi kungoja."

Nikavishika. Nikavigeuza. Mimi nilishona ndoo za kisima ujana wangu wote. Nikamwambia, "Hii ni ngozi tu. Ngozi naijua."

Nilikwenda nyumbani nikashusha ngozi ya yule ng'ombe mwekundu. Nilikata sehemu ya mgongoni, iliyo nene kuliko zote. Niliiloweka, nikaikunja kwenye kibao alichonichongea fundi mpaka ikashika umbo la kikombe. Nikahitaji kitu cha kuilainisha isipasuke. Mke wangu akanipa samli, kijiko kimoja, akasimama mlangoni akinilinda mpaka nikamaliza.

Siku ya kufungua breki, pande zote mbili zilikuja. Kusi ilikuwa imeanza kuvuma. Fundi akaniambia, "Achia wewe." Nikaachia. Mapanga yakageuka, chuma kikapanda na kushuka, maji hayakuja. Tukangoja. Bomba likakohoa, likatema tope, likatema tope tena. Halafu yakaja maji meupe, yakaingia kwenye tangi, yakashuka mpaka birikani. Ng'ombe wangu walikuwa wamebaki saba, na walikuwa na kiu. Lakini kwetu mgeni hunywesha kwanza. Yule mama alikuwa amekuja na mbuzi wake wanne na yule mtamba niliyempa. Walikunywa wao, sisi tukangoja, na siku hiyo kungoja kulikuwa kutamu.

Ni misimu kadhaa sasa. Ng'ombe wangu wamefika kumi na tatu. Mjukuu wangu anakimbia, na nyanya yake alikusanya samli nyingine ikamkuta mzazi bado kitandani. Mvua ikikosa, hatushuki mtoni hovyo, na hata tukiwa na maji tunapeleka maziwa kwa wenzetu wa mashamba kama desturi inavyotaka. Ndugu yangu aliyeinuka barazani alichukua muda mrefu kunisamehe, lakini siku hizi tunakula pamoja.

Ufunguo walinirudishia mwaka uliofuata. Mimi sikuuomba. Fundi ndiye aliyewaambia wazee, "Aliyeumwa na nyoka akiona unyasi hushtuka. Mpeni huyu." Kwa hiyo namshukuru yeye mbele yenu. Sitamtaja, lakini amekaa pale karibu na dirisha, na hata leo kwenye kikao amekuja na gambuti. Namshukuru yule mama kwa kicheko chake, sijui tungekuwa wapi bila kicheko kile. Namshukuru mke wangu, ambaye yuko nyuma kabisa na amekuwa akitikisa kichwa kila nilipoongeza chumvi. Na namshukuru Mungu aliyenipa aibu, maana aibu ikishatoka mdomoni haikuli tena.

Sasa wewe, ndugu yangu, utakayepewa ufunguo kule kwenu. Nimekuletea debe la oili. Hili hapa. Mtu akija kukuomba, mwambie hapana, na akikasirika mwambie Mzee Samli ndiye aliyekataza. Lakini debe si kitu. Siku moja utakosea, maana kila anayepanda juu hukosea. Siku hiyo shuka, uwaambie watu siku hiyo hiyo, kabla ng'ombe hawajapata kiu.

Mimi kila asubuhi, kabla sijaachia breki, huweka mkono wangu kwenye bomba. Maji yakianza kupanda nayasikia yanapita chini ya kiganja. Vikombe vile tumeshavibadilisha mara nyingi, na kila mara nakata kwenye ngozi ile ile. Imebaki kipande kidogo, cha vikombe viwili labda. Yule ng'ombe mwekundu niliyemuua kwa uongo wangu ndiye anayewanywesha wenzake mpaka leo.

Nimemaliza. Asanteni kwa kunisikiliza.